Nero wa kwenye kadi, Augustus wa ukutani: ziara ya miguu mjini Roma

Kwa wasiopenda maneno mengi: nyota tatu kati ya tano. Saa ya kwanza peke yake ningeipa moja, tena kwa huruma. Saa ya mwisho ningeipa tano na bakshishi juu, na bakshishi kweli niliitoa.

Ni ziara ya miguu katikati ya mji wa Roma, saa tatu na ushei, kuanzia Colosseum hadi kwenye kaburi la Augustus, kaisari wa kwanza, karibu na mto Tiber. Wanaoiuza wanaahidi kukuonyesha viongozi wa leo wanafanana na makaisari gani wa kale. Kampuni siitaji. Ziara za namna hii zinauzwa na wengi pale mjini, na mengi nitakayosema yatakufaa hata ukinunua kwa jirani.

Mimi ni mwalimu wa Historia na Uraia katika sekondari ya kata mkoani Kilimanjaro. Sikwenda Roma kwa utalii. Nilikwenda kumwona mdogo wangu, padre aliyetumwa na jimbo lake kusoma huko. Roma ina mapadre na masista wa Kitanzania wa kutosha kuanzisha dekania. Unapanda basi, unasalimiwa "Tumsifu Yesu Kristo" kabla hujapata pa kushika. Huyu mdogo wangu nimembeba mgongoni, lakini nikimwita kwa jina lake mama anakasirika hadi Moshi, kwa hiyo humu ataitwa Padre kama anavyoitwa na kila mtu. Yeye ananiita Dada. Ndiye aliyenunua tiketi mtandaoni, euro 45 mtu mzima, 30 mwanafunzi, na akajiandikisha mwanafunzi bila aibu, mvi zote zile kichwani. Ukizigeuza euro hizo kuwa shilingi utalala na njaa. Usizigeuze.

Tulikuwa kikundi cha watu ishirini na kitu. Mwongozaji, binti wa palepale Roma mwenye shahada ya historia ya kale na sauti iliyozoea kushindana na pikipiki, alitugawia kadi ngumu zilizofunikwa plastiki. Upande mmoja kichwa cha kaisari cha marumaru, upande wa pili uso wa mwanasiasa. Nero kapewa Donald Trump. Tiberius, yule aliyehamia kisiwa cha Capri akawa anaiongoza Roma kwa barua, kapewa Silvio Berlusconi na jumba lake la kifahari la Sardinia. Caligula kaachwa wazi, "umchagulie mwenyewe kufuatana na nchi uliyotoka". Watu walicheka. Familia moja ya Kimarekani ilicheka nusu: mama alicheka, baba akawa anaangalia viatu vyake.

Nilicheka na mimi, sikatai. Ila nilikuja kusikia historia, na hapo chini ya ukuta wa Colosseum historia ilikuwa imelala miguuni petu, haijaguswa. Binti alituambia Nero alipiga fidla huku Roma ikiungua, halafu akaonyesha picha ambayo Trump mwenyewe aliisambaza mtandaoni mwaka 2020, akiwa ameshika fidla. Sawa, lakini fidla zama za Nero haikuwepo. Na Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi ambaye alikuwa mtoto mdogo moto ulipotokea Julai mwaka 64, anaandika kwamba ulipoanza Nero hakuwa mjini, alikuwa Antium, pwani. Aliporudi alifungua bustani zake wasio na makazi wajihifadhi, akashusha bei ya nafaka. Mambo ya kuimba wimbo wa Troya moto ukiwaka, Tacitus anayaita uvumi.

Kesi ya Nero iko kwenye kilichofuata. Wilaya 14 za mji, 3 ziligeuka majivu kabisa, 7 zikabaki magofu, na katikati ya ardhi iliyoungua kaisari akajijengea jumba, Domus Aurea, lenye bustani na ziwa la kuchimba ndani ya mji. Sisi tunaotoka nchi ambazo masoko huungua usiku tunalijua swali la kwanza ambalo watu huuliza asubuhi, na halimhusu mwanamuziki. Linahusu kiwanja. Colosseum yenyewe imesimama pale lilipokuwa lile ziwa la Nero. Vespasian, kaisari aliyekuja baadaye, alilikausha, akaanza kujenga uwanja wa watu wote mahali palipokuwa pa mtu mmoja, na mwanawe Titus akaufungua mwaka 80. Hiyo nayo ni siasa ya kiwango cha juu kabisa: unamrudishia mwananchi ardhi yake ikiwa na michezo ndani, naye anasahau kwamba wewe umeingia madarakani kwa jeshi. Hayo yote yangesemwa kwa dakika tano. Hayakusemwa.

(Vespasian hana kadi, na ni hasara. Huyu alitoza kodi hata mkojo uliokusanywa vyooni, ambao mafundi waliutumia kwenye kazi zao za nguo na ngozi. Titus alipolalamika, baba akamweka sarafu puani, akamuuliza kama inanuka. Mimi na Padre, tuliowahi kulipa na kulipia tozo ya miamala ya simu mwaka 2021, tulimwelewa mzee huyu bila mkalimani.)

Halafu farasi. Tulielezwa kwamba Caligula alimfanya farasi wake kuwa konsuli, cheo cha juu serikalini. Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, ambaye ndiye chanzo kikuu cha kisa hicho, anasema tu kwamba ilisemekana alikusudia kufanya hivyo, na Suetonius alikuwa anaandika zaidi ya miaka 70 baada ya Caligula kuuawa. Padre alikohoa kikohozi chake cha kwenye kiti cha maungamo. Sikusema kitu, maana mwalimu hamsahihishi mwalimu mwenzake mbele ya darasa. Baadaye tukiwa tunatembea nilimgusia. Akacheka, akasema farasi akimwondoa watu wanaandika malalamiko. Nikamwelewa. Mimi pia darasani nina hadithi zangu za farasi.

Kadi moja tu ya saa ile ilinikaa, na haikuwa ya kaisari. Boris Johnson alipoondoka uwaziri mkuu wa Uingereza Septemba 2022, kwenye hotuba ya kuaga alijilinganisha na Cincinnatus, mkulima wa Kirumi aliyeitwa kuokoa nchi akapewa udikteta, akamaliza kazi akarudi kwenye jembe lake. Binti akauliza: mnajua jembe halikuwa mwisho wa kisa? Katika masimulizi ya Warumi wenyewe, Cincinnatus aliitwa tena akawa dikteta mara ya pili. Johnson amesoma Kilatini na Kigiriki chuo kikuu, kwa hiyo alijua anachokisema.

Kuanzia hapo nilianza kuandika kwenye daftari. Kumbe swali la nani anafanana na nani linaweza kugeuzwa. Kaisari tunayembandika kiongozi ni tusi letu sisi, na linaeleza hasira zetu kuliko linavyomweleza yeye. Kaisari anayejichagulia mwenyewe ni mpango wake. Ziara ingejengwa juu ya jambo hilo tangu mwanzo isingehitaji kadi hata moja.

Na kwa bahati nzuri, nusu ya pili ndivyo ilivyo.

Ile barabara pana inayotoka Colosseum kwenda Piazza Venezia, ambayo watalii wote huipiga picha wakidhani ni ya kale, ilifunguliwa tarehe 28 Oktoba 1932. Aliyeifungua ni Benito Mussolini, mtawala wa kifashisti wa Italia, akiadhimisha miaka 10 tangu wafuasi wake waandamane kuingia Roma. Iliitwa Barabara ya Himaya. Kuipitisha walivunja mtaa mzima wa watu, wakachonga kilima, na wakazi wakapelekwa pembezoni mwa mji. Hapa sauti ya binti ilibadilika. Bibi yake mzaa baba alizaliwa katika nyumba iliyokuwa mahali tuliposimama. Alituonyesha kwa kidole: jiko lilikuwa hapa, kwenye taa za barabarani. Kadi alikuwa ameshazitia mfukoni.

Kando ya barabara zimesimama sanamu za shaba za Julius Caesar, Augustus, Nerva na Trajan, zote zimewekwa enzi ya Mussolini. Na kwenye ukuta wa basilika ya Maxentius kuna ramani nne za mawe. Ya kwanza Roma ni nukta nyeupe tu. Ya pili nyeupe imetapakaa baada ya vita na Carthage. Ya tatu ni siku alipokufa Augustus, mwaka 14. Ya nne ni zama za Trajan, nyeupe kutoka Uingereza hadi Iraki. Watu wanapita, wanasema nzuri. Binti akasema zilikuwa tano. Akatoa kishikwambi akatuonyesha picha ya zamani: ramani ya tano, ya mwaka 1936, himaya ya Mussolini, na rangi yake imemwagwa Libya, Eritrea, Somalia na Ethiopia. Iliondolewa baada ya vita. Zile nne zikabaki.

Nimefundisha uvamizi wa Ethiopia kwa miaka mingi kwa ubao na chaki. Sijawahi kuuona ukiwa umepangwa hivyo, hatua ya tano katika mstari ulioanza na nukta. Mbele kidogo, kwenye roshani ya Palazzo Venezia, ndipo Mussolini aliposimama tarehe 9 Mei 1936 akautangazia umati kwamba baada ya karne 15 himaya imerejea kwenye vilima vya Roma. Majeshi yake yalikuwa yametumia gesi ya sumu kuingia Addis Ababa. Hapo chini ya roshani, kile kidude cha kuvaa sikioni cha kumsikilizia mwongozaji kilikata roho, na hakikufufuka tena. Nikawa nasogea hadi puani kwake. Kwa euro 45, hilo ni kosa la kukatwa marks, na la akiba hawakuwa nalo.

Largo Argentina tulipita haraka kwa sababu muda ulikuwa umeliwa na farasi. Ni magofu yaliyo chini kuliko barabara, paka wamejaa, na upande mmoja kuna kipande cha msingi wa ukumbi wa Pompeius, ambako maseneta walimchoma Julius Caesar majeraha 23 tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, wiki chache baada ya kupewa udikteta wa maisha. Padre, ambaye hakuwa amesema neno, ndipo akamwambia binti kwamba rais wa kwanza wa nchi yetu aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare inayohusu mauaji haya, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1963 akiwa Ikulu, na jina lake mwenyewe alikuwa Julius. Binti alisimama. "Rais? Akiwa rais?" Akaandika kwenye kiganja. Kikundi kikangoja. Kama atakuja kuwaeleza Watanzania watakaofuata habari hii kana kwamba ni ugunduzi wake, mjue ilikotoka.

Sasa Augustus, na hapa nitakaa.

Uwanja unaitwa Piazza Augusto Imperatore. Katikati lipo kaburi lake, mlima wa matofali wa duara aliouanza kuujenga mwaka 28 KK akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mzima wa afya. Kuuzunguka kuna majengo mazito ya Mussolini, ambaye mwaka 1934 alipanda juu ya paa na sururu mkononi kuanza kubomoa nyumba zilizokuwa zimelizunguka kaburi. Kwenye jengo mojawapo kuna maandishi ya Kilatini yanayomsifu kwa kulitoa kaburi gizani, na jina lake lingali limechongwa, MUSSOLINI DUX, juu ya watu wanaokunywa kahawa. Mwaka 1937 yalianza maadhimisho ya miaka 2,000 tangu kuzaliwa Augustus, na serikali ikafanya maonyesho makubwa ya fahari ya Kirumi. Mwaka huohuo, mwezi Februari, baada ya jaribio la kumuua mtawala wao Graziani, Waitalia walichinja maelfu ya watu Addis Ababa. Septemba 1938 ikazinduliwa hapa Madhabahu ya Amani ya Augustus, ikiwa imeunganishwa upya kutoka vipande vilivyofukuliwa. Ndiyo, ya amani.

Jengo linaloihifadhi leo ni la kioo na mawe meupe, la Mmarekani Richard Meier, lilifunguliwa 2006, na Warumi wengi hawalipendi. Mimi sina ugomvi nalo. Kiingilio chake hakimo kwenye bei ya ziara, jambo ambalo tangazo halikusema vizuri. Lakini kilicho bora kabisa kipo nje, bure, kando ya barabara: ukuta mrefu uliobaki kutoka jengo la 1938, umeandikwa kwa herufi kubwa maneno ya Augustus mwenyewe, taarifa ya mambo aliyoyatenda. Aliagiza yachongwe kwenye shaba mbele ya kaburi lake. Shaba ilipotea, maneno tunayo kutokana na nakala iliyochongwa kwenye hekalu mjini Ankara.

Binti alitutembeza kando ya ukuta huo mstari kwa mstari, anasoma Kilatini kisha anafasiri, na kusema kweli sijawahi kupata kipindi cha Uraia kama kile. Anaanza: nikiwa na umri wa miaka 19, kwa uamuzi wangu na kwa fedha zangu, niliunda jeshi. Mahali pengine popote kijana binafsi akiunda jeshi tunaita uasi. Yeye anaita kuikomboa jamhuri. Maadui hawataji kwa jina. Antonius, aliyegawana naye dunia kisha akapigana naye, ni "kundi". Brutus na wenzake ni "waliomuua baba yangu", yaani Julius Caesar, aliyemfanya mwanawe. Wale walioorodheshwa wauawe mwaka 43 KK, Cicero, msemaji maarufu wa Seneti, mmoja wao, hawamo kabisa. Halafu yanakuja makubwa: mwaka 27 KK anasema aliirudisha dola mikononi mwa Seneti na watu wa Roma. Seneti ikamshukuru kwa kumpa jina la Augustus na, katika mpangilio uleule, ikamwachia mikoa yenye majeshi. Kwa miaka 10 tu, jamani, hadi hali itulie. Ilipoisha ikaongezwa 5, kisha 5, kisha 10, na 10, na 10. Alikufa kipindi hakijaisha.

Kuna mstari kuhusu udikteta. Mwaka 22 KK kulikuwa na njaa mjini, watu wakaandamana wakimtaka akubali kuwa dikteta. Anasema alikataa. Suetonius anaongeza kwamba alipiga goti, akashusha joho begani, akawasihi wasimlazimishe. Hapo mimi na Padre tulitazamana. Nani kati yetu hajaona wazee, vijana, wanawake na wajasiriamali wadogo wanakwenda kumwomba mheshimiwa akubali tu kuendelea, naye anasema atatafakari? Kisha akachukua usimamizi wa chakula cha mji, ambao ulikuwa na uzito kuliko jina la dikteta. Mwaka 2 KK waliokuwa wanagawiwa nafaka na fedha zake walizidi 200,000; ameandika mwenyewe. Mwaka huohuo akapewa cheo cha Baba wa Nchi, na kwa kukitaja hicho ndipo anapomalizia. Na kabla ya hapo ule mstari wenyewe: kwa heshima niliwapita wote, lakini kwa madaraka sikuwa na zaidi ya wenzangu tulioshika nao ofisi. Binti akaurudia mara mbili. Baba wa Kimarekani, yule wa viatu, ndiye aliyecheka safari hii.

Hapo tu ndipo ilipotoka kadi ya mwisho. Augustus upande mmoja, kijana mrembo wa marumaru (picha zake zilibaki za kijana hata alipokaribia miaka 76, mabango ya kampeni yana asili yake). Upande wa pili ni mweupe, na tunapewa penseli. Mwanamke mmoja akamwandika Putin, na akajitetea vizuri: mwaka 2008 alimwachia urais Medvedev, aliyekuwa naibu wa kwanza wa waziri mkuu, na yeye akawa waziri mkuu ili katiba isivunjwe, na mwaka 2020 katiba ikarekebishwa, vipindi vikahesabiwa upya kuanzia sifuri. Hakuna sheria iliyovunjwa. Baba wa Kimarekani akamwandika Roosevelt, aliyechaguliwa mara nne, mkewe akamwambia hiyo si haki kwa sababu Roosevelt alikuwa anashindana na watu kweli na angeweza kushindwa, na wakaanza kubishana kwa adabu. Padre akasema jirani zetu Uganda waliondoa ukomo wa vipindi mwaka 2005 na ukomo wa umri mwaka 2017, mara zote mbili kwa kura za wabunge, kwa utaratibu wote wa vikao. Mimi ni mtumishi wa umma. Kadi yangu niliitia mkobani.

Binti hakumruhusu mtu atoke na jibu rahisi. Alisema Warumi hawakuwa wajinga. Walikuwa wametoka katika miaka mingi ya vita vya wao kwa wao, na huyu aliwapa usingizi. Na alitusomea swali la Tacitus kuhusu siku Augustus alipokufa: walikuwa wamebaki wangapi waliokuwa wameiona jamhuri? Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu ningewapa swali hilo moja kipindi kizima, nikakaa kimya.

Kwa nini basi nyota tatu? Kwanza ile saa ya kadi. Pili kidude cha sikioni, na kikundi kikubwa mno kwa vijia vile. Tatu, na hili ndilo lililonichoma, ziara inayozungumzia Augustus na Mussolini imemaliza bila kutaja nguzo. Augustus alipoitwaa Misri alileta nguzo ya mawe kutoka Heliopolis, akaisimamisha mwaka 10 KK ndani ya uwanja wa mashindano ya farasi, Circus Maximus, na kuandika chini yake kwamba Misri imetiwa mikononi mwa watu wa Roma. Mussolini alipoitwaa Ethiopia alileta nguzo ya Aksum, mita 24, akaisimamisha mwaka 1937 kwenye ncha ya Circus Maximus hiyohiyo, mbele ya jengo lililokusudiwa kuwa wizara ya makoloni. Mahali pale pale. Huo si mfano wa mtu kufananishwa na kaisari, ni mtu kumwiga kaisari hatua kwa hatua, na sisi Waafrika ndio tuliokuwa mzigo mara zote mbili. Italia ilikubali kuirudisha katika mkataba wa amani wa 1947. Ilirudi 2005, kwa ndege, imekatwa vipande vitatu, na ikasimamishwa tena Aksum 2008. Jengo la wizara sasa ni makao makuu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ambako wataalamu wetu wa kilimo huenda vikaoni. Nilimuuliza binti. Alisema anajua, ila iko mbali na njia yao. Si mbali hivyo: ukitoka Colosseum ni kituo kimoja cha treni ya chini, tulienda wenyewe jioni. Nguzo ya Augustus nayo ilihamishiwa Piazza del Popolo mwaka 1589, mwendo wa dakika kumi kutoka ziara inapoishia.

Nilimuuliza pia kaisari Diocletian yuko wapi, aliyeng'atuka kwa hiari mwaka 305 akaenda kulima kabichi. Hakuna kadi yake, alisema, hakupatikana wa kumweka nyuma. Nikamwambia aje Butiama.

Ukienda: ziara ya mchana ni jua kali, na chupa ya maji ibebe tupu, utaijaza kwenye mabomba ya mitaani yanayotiririka bure mji mzima. Choo nenda kabla. Waandikie mapema uombe kujiunga Piazza Venezia badala ya Colosseum. Padre aliwauliza baadaye, wakasema inaruhusiwa lakini bei haipungui. Mimi ningelipa bei ileile. Ila omba hatua chache nyuma, kwenye zile ramani nne, na ulizia kama siku hiyo ni zamu ya binti ambaye jiko la bibi yake lilikuwa kwenye taa za barabarani. Waongozaji wengine wa kampuni ile siwajui.